Kimya cha Wapigakura wa Burundi

Kila mjadala wa uchaguzi unapozuka baina yetu vijana wa Rusizi, hakosekani mtu wa kuufunga kwa sentensi moja: "Warundi walijaribu, wakaona." Maana yake ni kwamba Juni 1993 jirani zetu walipewa nafasi ya kuchagua kati ya chama tawala na wapinzani, wakakiangusha chama tawala, na kabla mwaka haujaisha nchi yao ikawa inawaka moto. Kwa hiyo, anasema mwenzetu, mashindano ya kura ni ya nchi nyingine, si ya kwetu. Baada ya hapo wengi hunyamaza na mazungumzo hurudi kwenye mpira. Sentensi hiyo imenisumbua kwa muda mrefu. Sidhani kwamba anayeisema ni mjinga, wala woga wake si wa bure. Lakini nadhani anamlaumu asiyehusika, na katika insha hii nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza nieleze kwa nini jambo la Burundi linatugusa sisi wa Mibirizi. Kwetu ni vilimani, katika sekta ya Gashonga. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni hapa mwaka 1903, na kuna aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi hadi leo. Ukishuka kuelekea kusini unafika bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ng'ambo ya mto Ruhwa ni Cibitoke, nchini Burundi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Rusizi, ni Kongo. Habari za uchaguzi wa nchi tatu hutufikia kwa redio na kwa midomo ya wafanyabiashara. Isitoshe, mkaza mjomba wangu ni mzaliwa wa Cibitoke. Mwaka 1993 alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani, akiwa na umri kama nilio nao mimi sasa. Tarehe na hesabu nimezipata vitabuni. Lakini swali la kwa nini wenye madaraka walishangaa nimelielewa zaidi kwa kumsikiliza yeye.

Chama kilichoshangazwa mwaka 1993 ni UPRONA, nacho chenyewe kiliingia madarakani kwa kuwashangaza wengine. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, wakoloni wa Kibelgiji walikuwa wakiwapendelea wapinzani wake. UPRONA chini ya Mwanamfalme Louis Rwagasore ikapata viti 58 kati ya 64. Miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi, mjini Usumbura, ambao leo ni mji wa Bujumbura. Rwagasore hakumaliza hata mwezi mmoja akiwa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa. Mwaka 1966 jeshi lilichukua nchi chini ya Michel Micombero, na UPRONA ikawa chama pekee. Micombero alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza mwaka 1976, naye Bagaza akapinduliwa na Pierre Buyoya mwaka 1987. Watawala walibadilika, chama kikabaki kile kile, na hakuna mwananchi aliyeulizwa kama anakitaka.

Buyoya alikuwa tofauti kidogo na waliomtangulia. Baada ya mauaji ya Ntega na Marangara mwezi Agosti 1988, alimteua Mhutu, Adrien Sibomana, kuwa waziri mkuu, akaanzisha mazungumzo ya umoja wa kitaifa. Mwezi Februari 1991 wananchi waliulizwa katika kura ya maoni kama wanakubali Mkataba wa Umoja, na karibu asilimia 90 wakasema ndiyo. Mwezi Machi 1992 waliulizwa kuhusu katiba mpya iliyoruhusu vyama vingi, na asilimia ikawa kama ile ile. Mtu aliyepata ndiyo mbili za namna hiyo ana sababu ya kulala usingizi. Alikuwa na serikali, redio, magari, na viongozi wa chama katika kila kilima. Waangalizi wengi, wa ndani na wa nje, walitarajia ashinde.

Mpinzani wake, Melchior Ndadaye wa FRODEBU, alikuwa na umri wa miaka 40. Sisi Wanyarwanda tunapaswa kumjua zaidi ya tunavyomjua, kwa sababu ujana wake aliupitisha kwetu. Alikimbia mauaji ya 1972 akiwa mwanafunzi, akasoma Butare, na hakurudi kwao hadi 1983. Kura zilipigwa tarehe 1 Juni 1993. Ndadaye alipata karibu asilimia 65, na Buyoya karibu asilimia 33. Tarehe 29 ya mwezi huo huo ulifanyika uchaguzi wa Bunge: FRODEBU ilipata viti 65, na UPRONA viti 16.

Nilimuuliza mkaza mjomba wangu, "Mama, ninyi mlijua?" Akacheka. "Mwanangu, sisi tungekosaje kujua? Wasiojua ni wao." Akanieleza kwamba alikwenda kwenye mikutano ya pande zote mbili, na pande zote mbili alipiga makofi. Kiongozi wa kilima alipopita kuuliza hali, aliambiwa kwamba hali ni nzuri. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kudanganya. Lakini katika nchi ambayo mwaka 1972 watu walichukuliwa majumbani na hawakurudi, swali la kiongozi lina jibu moja tu, na kila mtoto analijua. Sandukuni ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa swali bila muulizaji kukutazama usoni.

Wahenga wamesema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kawaida methali hii tunaitumia kuwaonya watu wawaogope wanyamavu. Mimi naona inamfaa zaidi mtawala: mshindo unamshtua yule aliyedhani kwamba kimya ni ridhaa. Zile ndiyo mbili za 1991 na 1992 hazikuwa za uongo. Watu walitaka umoja, na walitaka katiba. Kosa lilikuwa kuhesabu ndiyo iliyotolewa kwa swali kana kwamba imetolewa kwa muulizaji.

Jambo hili halikuwapata Warundi peke yao, na mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka mbali, India. Mwezi Juni 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari. Wapinzani wakafungwa, magazeti yakawekewa udhibiti. Januari 1977 akaitisha uchaguzi mwenyewe, bila kulazimishwa, kwa kuwa alitarajia kushinda. Chama chake cha Congress, kilichotawala tangu uhuru wa 1947, kikashindwa, na yeye mwenyewe akapoteza kiti chake cha Rae Bareli. Alikuwa ameyafunga masikio yake kwa mkono wake: gazeti lililokatazwa kuandika habari mbaya haliwezi kumwambia serikali kwamba habari ni mbaya. Mwaka 2004 chama cha BJP kiliitisha uchaguzi miezi kadhaa kabla ya wakati wake, kikijinadi kwa wito kwamba India inang'aa. Utafiti wa maoni ulikitabiria ushindi, nacho kikashindwa. Mwaka 2024 chama hicho hicho kililenga viti 400 pamoja na washirika wake, kikapata 240 kati ya 543, na kikalazimika kutawala kwa kutegemea vyama vidogo. Miongoni mwa viti kilivyopoteza ni Faizabad, jimbo lenye mji wa Ayodhya, ambako miezi michache tu kabla ya hapo hekalu kubwa la Ram lilikuwa limezinduliwa kwa shangwe. Huko India magazeti ni mengi na watu wanasema sana, na bado wenye madaraka walishtuka. Sembuse Burundi ya 1993, ambako watu walikuwa wamefundishwa kunyamaza!

Hapa najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi. Watu husema kwamba kura ya Burundi haikuwa kura, ilikuwa sensa ya makabila: Wahutu ni wengi, wakamchagua Mhutu, basi. Siwezi kusema kwamba kabila halikuwa na uzito. Lingekuwaje halina uzito baada ya 1972 na 1988? Lakini tuhesabu. Takwimu zinazotajwa kwa kawaida ni kwamba Wahutu wa Burundi ni kama asilimia 85 na Watutsi kama asilimia 14. Kama ingekuwa sensa, Buyoya asingevuka asilimia 15. Alipata zaidi ya mara mbili ya hapo. Maana yake Wahutu kwa maelfu walimpigia Buyoya, ama kwa kupenda mageuzi yake, ama kwa kuogopa mabadiliko. FRODEBU nayo ilikuwa na wanachama na wabunge Watutsi. Wapigakura walifikiri kuliko tunavyowasifu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo watu wanaosema "wakaona" huiruka. Baada ya matokeo kutangazwa, Buyoya alikubali kushindwa. Tarehe 10 Julai 1993 Ndadaye aliapishwa. Akamteua Sylvie Kinigi, mwanamke, Mtutsi na mwanachama wa UPRONA, kuwa waziri mkuu. Waliomshinda UPRONA wakaketi na UPRONA katika baraza moja la mawaziri. Kwa zaidi ya miezi mitatu Burundi ilikuwa na kile ambacho nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijakipata: chama tawala kilichoshindwa kwa kura na kukabidhi ofisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, wanajeshi waliishambulia ikulu. Ndadaye alipelekwa katika kambi ya jeshi akauawa. Waliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute, ambao kikatiba ndio wangeshika nafasi yake. Habari ilipoenea vilimani, raia wenye hasira na uchochezi waliwaua majirani zao Watutsi, wakiwemo watoto na wazee wasiojua lolote la ikulu. Jeshi likalipiza kwa kuua Wahutu. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 300,000 waliopoteza maisha. Buyoya mwenyewe alirudi madarakani kwa mapinduzi mwezi Julai 1996. Mwaka 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji ya Ndadaye, bila yeye kuwapo mahakamani. Alikana, na akafariki mwezi Desemba mwaka huo.

Mkaza mjomba wangu alivuka Ruhwa mwishoni mwa Oktoba, na maelfu ya wengine walivuka mpaka wa Rwanda wiki hizo. Na hapa kwetu kifo cha Ndadaye kilitumiwa vibaya. Siku mbili baada ya kuuawa kwake, katika mkutano wa Nyamirambo, Kigali, wanasiasa wenye msimamo mkali walikifanya hoja ya chuki dhidi ya Watutsi. Baada ya miezi sita yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Watu waliokimbilia parokia yetu ya Mibirizi wakitafuta usalama waliuawa, na kumbukumbu yao iko hapa hapa. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba woga wa wenzangu si wa bure. Mtu aliyekulia Mibirizi hana haja ya kufundishwa mahali siasa ya chuki inapoishia.

Lakini tukitazama mfuatano wa mambo, mpigakura anaonekana wapi katika mauaji ya Oktoba? Alipanga foleni mwezi Juni, akaweka karatasi sandukuni, akarudi shambani kulima maharage. Waliovunja uamuzi wake hawakuwa wagombea, na hakuna mahali walipokuwa wamepigiwa kura. Walikuwa na bunduki, na hawakuwa tayari kuamriwa na mtu asiye wao. Wahenga wana methali nyingine: asiyekubali kushindwa si mshindani. Buyoya alisema amekubali. Lakini katika nchi ambayo chama, jeshi na serikali vilikuwa kitu kimoja kwa karibu miaka thelathini, kukubali kwa mtu mmoja hakutoshi. Kambi ya jeshi nayo ilipaswa ikubali, na kambi haikukubali.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Indira Gandhi aliposhindwa mwaka 1977, alijiuzulu, na jeshi la India likabaki kambini. Miaka mitatu baadaye alirudi kwa kura. Nchini Kenya, KANU ilikuwa imetawala tangu uhuru wa 1963. Tarehe 27 Desemba 2002 mgombea wake, Uhuru Kenyatta, alipata karibu asilimia 31, na Mwai Kibaki asilimia 62. Siku tatu baadaye Rais Moi alimkabidhi Kibaki madaraka katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Kibaki akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali. Wapigakura wa Kenya walifanya kile kile walichofanya wapigakura wa Burundi. Waliotenda tofauti ni wenye nguvu. Na Kenya hiyo hiyo, miaka mitano baadaye, uchaguzi ulipovurugika, watu zaidi ya elfu moja walikufa. Sanduku la kura lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo naona kwamba katika uchaguzi wa namna hii kuna mishangao miwili. Wa kwanza ni chama tawala kugundua kwamba hakipendwi kama kilivyodhani. Huo unategemea wananchi, nao huutoa wakipata faragha ya dakika moja. Wa pili ni mwenye nguvu kuondoka akiwa bado ana nguvu. Huo hautegemei mwananchi hata kidogo, na ndio ulioshindikana Burundi. Tunaposema "Warundi walijaribu, wakaona," tunawapa wa mashambani hukumu ya watu wa kambini.

Nchi zetu mbili zilijifunza jambo fulani baada ya hapo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na katiba ya Burundi ya 2005 iliyotokana nao, uligawa viti vya serikali na Bunge kwa asilimia 60 na 40, na jeshi nusu kwa nusu, ili kambi isiwe tena ya upande mmoja. Rwanda, katika katiba ya 2003, iliweka kwamba chama chenye wabunge wengi zaidi kisichukue zaidi ya nusu ya baraza la mawaziri, na kwamba Rais na Spika wa Bunge wasitoke chama kimoja. Makusudi ya sheria hizi ni mamoja: anayeshindwa asihisi kwamba amepoteza kila kitu, hata akaona bunduki ni afadhali. Naziona kuwa za busara. Hata hivyo zinatibu mshangao wa pili tu. Wa kwanza hauna sheria inayoweza kuutibu. Dawa yake ni mtawala kusikia mapema, na hatasikia kama kumwambia ni hatari.

Mimi nilipiga kura yangu ya kwanza tarehe 15 Julai 2024. Matokeo ya urais yalikuwa asilimia 99.18 kwa Rais Kagame, na sikumwona mtu yeyote Mibirizi aliyeshangaa. Niliyoyasoma kuhusu jirani yamenifanya niiangalie namba yoyote kubwa kama amana. Kadiri ndiyo inavyokuwa nyingi, ndivyo aliyeipokea anavyopaswa kutafuta kwa bidii zaidi kile ambacho watu hawakukisema, kuanzia kwa mkuu wa kijiji anayeambiwa kwamba hali ni nzuri. Sisi tunaosoma lugha tuna sehemu yetu pia. Kazi yetu ni maneno, na kumsaidia mtu aseme anachofikiria kabla hajafika sandukuni ni kazi ya maneno.

Mwaka huu nilimuuliza mkaza mjomba wangu kama anaijutia kura ya 1993, ikiwa ndiyo iliyomfanya mkimbizi. Alikuwa akichambua maharage, na hakuacha. Alisema kura ile ni jambo moja maishani mwake aliloulizwa na akajibu alichotaka kujibu. "Walioua wajute wao," akasema. Akanipa ungo nimsaidie.